Na wa Mwisho?

Jumatatu mchana mtoto alirudi kutoka shule akiwa amenuna, akamwambia mama yake kwamba mwalimu amemruka. Ameita majina ya darasa zima, la kwake hakuliita, na aliponyoosha mkono hakuangaliwa. Mama mtu alikuwa anapiga pasi kola ya shati la mteja. Akasema walimu nao ni binadamu, wana usingizi kama watu wengine, akamwambia avue viatu ale. Mtoto akavua viatu. Kisha akasimama wima, mikono nyuma, kidevu juu, kama watoto wa zama zile za fimbo, akasubiri aruhusiwe kukaa.

Hilo hakuna aliyemfundisha.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na watu wote walimwita Fundi, hata mumewe. Mtoto alikuwa huyo mmoja tu, wa miaka saba, tena alipatikana baada ya mahangaiko ambayo majirani walichoka kuyatolea pole. Alikuwa anaamka anaongea na analala anaongea, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Kwa Fundi dunia nzima ilikuwa pale penye ule mdomo usiotulia. Vingine vyote, cherehani, nyumba, hata mume, Mungu amsamehe, vilifuata nyuma.

Kosa lilikuwa limefanyika jana yake, Jumapili, na lilifanyika kwa kicheko.

Watu wazima waliosoma pamoja wakikutana huwa akili zinawaruka kidogo. Watakwambia ya kale ni dhahabu. Mtu aliyechapwa mpaka akashindwa kukaa anaisimulia fimbo ile kama zawadi ya harusi, na wenzake wanamwonea wivu kwa kuwa wao walichapwa kidogo. Jumapili hiyo walikuja watatu nyumbani kwa Fundi. Alikuja Kinyozi, mchekeshaji wa darasa tangu enzi hizo. Alikuja Nesi, aliyepewa jina hilo shuleni kwa kupenda kufunga watu vidonda, na kweli akaja kuwa nesi. Alikuja pia Bonge, ambaye sasa ni mwembamba kama kijiti cha kiberiti, ila jina halikukonda naye. Walikunywa chai sebuleni wakakumbushana madaftari yaliyofunikwa kwa magazeti, kaptula za kaki zilizonuka zikiloa mvua, na maji waliyobebeshwa kwenda nyumbani kwa walimu. Walikumbushana kwa mapenzi makubwa mambo ambayo wakati ule waliyalilia.

Ndipo Kinyozi akasimama, akachomekea shati, akaweka kalamu sikioni, akawa Mwalimu Mkuu mtupu. Sauti ile, kikohozi kile. Akatangaza kwamba anaita mahudhurio.

Shule yao ilikuwa na jambo lake. Kila asubuhi, majina yakiisha, Mwalimu Mkuu aliinua macho kutazama deski la nyuma kabisa, ambalo halikukaliwa na mtu, akauliza: "Na wa mwisho?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Hayupo." Wageni walifundishwa jibu hilo na wakubwa wao kabla hata hawajaonyeshwa choo kilipo. Maana yake haikujulikana. Siku zile kuuliza nako kulikuwa na fimbo yake.

Chiriku alikuwa amewang'ang'ania mchana kutwa, na yeye acheze. Fundi, kicheko kimemlegeza, akavuta kigoda akakiweka nyuma ya viti vyao.

"Haya, kaa hapo," akamwambia. "Wewe ndiye wa mwisho. Subiri uitwe."

Kinyozi akaita. Bonge akaitika. Nesi akaitika. Akaita Sindano, jina la Fundi la shule, kwa wembamba wake, na Fundi akaitika, "Nipo, Mwalimu," akiwa na machozi ya kucheka. Kinyozi akainua macho. "Na wa mwisho?" Wakubwa wote wakavuta pumzi, midomo ikafunguka kwa mazoea ya miaka, lakini mtoto akawawahi.

"Nipo, Mwalimu."

Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Ni Nesi tu aliyewahi kunyamaza, akasema ananusa kaki iliyoloa. Bonge akamwambia ajinuse mwenyewe. Mzaha mzaha, hutunga usaha.

Basi Jumanne mwalimu alimruka tena. Fundi akafunga safari kwenda shule akiwa na maneno yake tayari mdomoni, na mwalimu, binti mpole tu, akamsikiliza kwa heshima, kisha akamuuliza huyo mtoto anasoma shule gani. Chiriku alikuwa amesimama kati yao, ameshika sketi ya mama yake.

Njiani jirani anayemsukaga Chiriku nywele aliwapita. Alimwamkia Fundi peke yake.

Nyumba nayo ikaanza kunuka chaki. Kwenye kitambaa cheusi alichokiacha juu ya cherehani Fundi alikuta alama za vidole, nyeupe, ndogo, akazipangusa, akatoka nje kutupa maji, akarudi akazikuta tena, nyingi kuliko mwanzo. Alipokanyaga cherehani alisikia chini ya meza kitu kinakwaruza mbao kwa ukucha, na alipoacha kukanyaga kile kitu kiliendelea kidogo, halafu nacho kikaacha. Chiriku hakuwa anaongea tena. Midomo ilicheza, lakini ili umsikie ilibidi uinamishe sikio.

Mumewe, dereva wa lori, alirudi safari kesho yake mchana. Huyu ni mtu asiyevuka mlango bila biskuti za mwanawe. Safari hii aliingia mikono mitupu, akajikwaa kwenye viatu vidogo mlangoni, akaviokota.

"Vya nani hivi?"

"Vya Chiriku," Fundi akasema.

Alimtazama mkewe kwa huruma iliyomtia Fundi baridi ya mifupa. Akaviweka viatu chini taratibu, akaja akamshika bega.

"Mke wangu," akanong'ona, "si tulikubaliana maneno ya watoto tusiyazungumze tena humu ndani? Mungu hakutupa. Tumeshalia, basi."

Na mtoto alikuwa amekaa mkekani mbele yao, anamtazama baba yake.

Fundi hakupiga kelele. Alirudi kwenye cherehani kwa sababu miguu haikuwa na pengine pa kumpeleka, akakaa, na alipokuwa amekaa pale, jua la mchana limejaa dirishani na mume anakoroma chumbani, alisikia watoto wanaimba hesabu ya kuzidisha katika chumba cha Chiriku, kwa ule wimbo wa zamani ambao shule za sasa haziujui, sauti mbili, moja nyembamba inayofifia na nyingine nzito iliyojaa maji, akasimama, akaenda akiwa ameshika mkasi bila kujua ameushika, akasukuma mlango, na harufu ya kaki mbichi ikampiga usoni, na mezani akaona mtoto amempa mgongo, amevaa gauni la Chiriku, nywele zinachuruzika, anaandika, na kule kona, nyuma ya kitanda, akamwona Chiriku wake mwenyewe amesimama mikono nyuma, mweupe kama kivuli cha moshi, ukuta unaonekana kupitia shingo yake, mdomo unaita mama na hakuna kinachotoka. Yule wa mezani akageuka. Uso wake ulikuwa kama ubao uliofutwa vibaya, umebaki na michirizi ya nyuso nyingine chini yake.

"Miaka yote mlisema sipo," akasema, polepole, kwa sauti ya mtoto aliyekaririshwa. "Kila asubuhi. Kwa furaha. Sasa mtalisema hilo kuhusu huyu. Wewe ndiye utakayelisema mwisho."

Fundi alipita mbele yake akamnyakua mwanawe. Alimfunga kiunoni kwa futi yake ya kupimia, ncha nyingine akaifunga kiunoni mwake mwenyewe, akatoka naye kwenda kumtafuta Mwalimu Mkuu. Njiani alijikuta amesimama anaishangaa ile futi, hakumbuki kwa nini ameivaa. Aliivuta mpaka akakutana na mkono mdogo wa baridi. Hapo ndipo alipolia.

Mwalimu Mkuu alikuwa hai bado, katika chumba cha uani kwa mpwa wake, miguu imevimba, macho hayaoni. Hakumkaribisha. Alimsikiliza, kisha akamtukana. Nani aliwatuma kucheza na mahudhurio? Walifikiri alikuwa anawachekesha? Alipomaliza kutukana akaeleza, kwa hasira ileile. Pale shule ilipojengwa palikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alipenda kukaa darasani. Alikuwa akipata kiti, mtoto mmoja anakikosa, na wazazi hawamtafuti kwa sababu hawamkumbuki. Walimu wa kwanza waligundua kwa nguo zilizoanikwa kwenye kamba za watu, ndogo, zisizomfaa yeyote wa nyumba ile. Jini hilo halikusikia kafara wala moshi wa ubani. Kilichoweza kulizuia ni kukanwa na kundi zima kwa sauti moja, kila siku.

"Aliyeita ndiye aite tena," mzee akasema. "Wawepo walewale. Mtoto aitikie jina lenye kiti, jina la mmoja wenu. Mkimwacha pale nyuma mtamkana yeye."

"Na mwenye jina atakaa wapi, Mwalimu?"

Mzee akajifunika shuka.

Walikusanyika tena sebuleni, mchana uleule wa jua. Wale watatu walikuwa bado wanamkumbuka Chiriku, kwa kuwa walimsikia akiitika, lakini kwa shida, kama mtu anayekumbuka ndoto. Baba mtu alikaa mlangoni, ameshika tama, akiamini mkewe amerukwa na akili. Fundi aliwaeleza maneno ya mzee. Kisha akawatazama mmoja mmoja.

Bonge alitazama viatu vyake. Kinyozi alisema kwa sauti ya chini kwamba ana watoto, Fundi anajua ana watoto. Nesi alimvuta Fundi pembeni, akamshika mikono yote miwili, kama alivyowashika waliovunjika magoti uwanjani.

"Nisikilize, ndugu yangu," akanong'ona. "Kesho kutwa utakuwa umemsahau. Hutaumia. Hutajua hata kama ulikuwa naye. Mwache."

Jumapili walikuwa wamesema wao ni zaidi ya ndugu. Fundi aliwachukia wote watatu kwa pumzi moja, akawachukia pamoja na shule yao na kengele yao na kila kicheko walichowahi kucheka pamoja. Akaitoa mikono yake.

Alipiga magoti mbele ya mwanawe, akaifungua futi.

"Ukiisikia Sindano, ni wewe," akamwambia. "Itika. Na akiuliza wa mwisho, sema wanavyosema wenzako. Sema kwa nguvu."

Chiriku alimwekea mdomo sikioni.

"Nikisema, wewe utakuwa wapi?"

"Hapahapa."

Akamkalisha kwenye kiti chake. Yeye akaenda kukaa kwenye kigoda, na kigoda kilikuwa kimeloa.

Kinyozi hakuigiza safari hii. Alisimama, akamwita Bonge, akamwita Nesi, na kila walipoitika kule chumbani mlango uligongwa kwa ndani, pigo moja, kisha mawili, kisha mfululizo kama viganja vya darasa zima juu ya madeski, na chaki ikaanza kudondoka darini kama unga, na Kinyozi akapandisha sauti ili asikike, akaita Sindano, na Fundi akauma ulimi wake mpaka damu ili asimwitikie mtoto, mpaka kile kisauti kilipotoka, "Nipo, Mwalimu," na hapo mlango ukafunguka na hakuna aliyethubutu kugeuka.

"Na wa mwisho?"

Mgongoni mwake Fundi alisikia nyayo za majimaji zinakuja. Bega dogo, baridi, likajibana na lake kwenye kigoda.

"Hayupo."

Sauti ya Chiriku ndiyo iliyosikika kuliko zote.

Chaki iliacha kudondoka. Bonge alijipangusa kichwa, akatazama huku na huku, akasema dari hii inahitaji fundi seremala. Nesi alishukuru kwa chai akatafuta mkoba wake. Kinyozi alimpa mkono mwenye nyumba, akasema wamefurahi kumtembelea yeye na binti yake, mwanamume kulea mtoto peke yake si kazi ndogo. Wakaondoka. Hakuna aliyetazama nyuma ya viti.

Fundi aliita. Alimwita mumewe, akamwita mtoto, akajiona anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Lile bega la baridi halikusogea. Lilikuwa limekaa limetulia, kama aliyepata mwenzake wa deski.

Baba alimbeba mwanawe juu, akamuuliza kama amekula, na Chiriku akaanza kuongea. Aliongea juu ya viatu, juu ya njaa, juu ya mwalimu, sauti imejaa nyumba nzima, na Fundi alifurahi kwa moyo wake wote, hilo lazima lisemwe. Kisha mtoto akakimbilia kwenye cherehani. Juu yake palikuwa na gauni jipya la shule, pindo limeshikizwa kwa pini tu.

"Baba, nguo yangu haijaisha."

Baba aliitazama cherehani, kama mtu anayekuta kitu kilichoachwa na wapangaji waliotangulia.

"Tutatafuta fundi," akasema.

Chiriku hakuweza kungoja. Alilichukua gauni akalivaa kwa kichwa, analivuta kwa pupa, na Fundi akainuka mbio, akanyoosha mkono azichomoe zile pini mtoto asije akaumia. Vidole vyake havikushika kitu. Mtoto alijichoma, akalia, akamwita baba.