Kizibo cha Mwisho wa Mkanda

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Nyakabiga tangu adhuhuri, lakini mle karakanani taa ndogo ya kijani ya ile diski ya zamani ilikuwa inawaka.

Zayd akajisemea ni macho yake tu. Akafuata mkanda wa nyaya kwa kidole: kompyuta, skana, diski, vyote vimeunganishwa kama shanga kwenye uzi, na mwisho wa mkanda mdomo wazi. Hapo ndipo palipotakiwa kizibo. Fundi yeyote wa mashine hizi za kizamani anajua kwamba mkanda usipozibwa, kila kinachotumwa kikifika ukingoni hurudi mbio, kikagongana na kinachokuja, na diski ikaandika takataka. Kizibo chenyewe nacho hutaka umeme kidogo kutoka kwenye mashine. Kikiukosa ni pambo.

Alijua yote hayo, na bado alikichomoa kwa mkono wake. Mteja wa picha za harusi alikuwa na haraka, mashine yake imekosa kizibo, basi Zayd akamwazima. Tena alikichomoa saa ya magharibi, saa ambayo kwao hata mtungi wa maji hufunikwa kwa bismillahi, maana ndipo wale wengine wanapotembea. Kesho yake akaiwasha mashine hivyohivyo, kwa uvivu tu. Ndani ya diski mlikuwa na sauti ya marehemu Alya, binti pekee wa shangazi yake Jokha, akiimba kaswida. Nakala nyingine haikuwapo. Ikaharibika yote.

"Umemwambia mama Jokha?" akauliza Fortunat, fundi mwenzake kutoka Uvira, kwa kunong'ona.

"Apana. Nitaanzia wapi?"

"Mwambie ukweli. Mi naogopa hii kitu, Zayd. Tangu jana inanukia udi. Nani alichoma udi humu?"

Kabla Zayd hajajibu, spika ikavuta pumzi. Ndiyo, pumzi, kama mtu aliyepanda kilima cha Kinanira kwa miguu. Kisha sauti ya msichana ikauliza, "Mama amefika?"

Fortunat akashika rozari yake na kutoka mbio. Na pale mlangoni, wallahi, alikuwa amesimama Jokha.

"Alya?"

"Niko, mama."

Mama wa watu akaketi chini, akalia kwa furaha, akambariki Zayd na mikono yake, na Zayd akasimama pale, roho ikimsuta, akijua kwamba neno moja lingetosha na kwamba kila dakika anayonyamaza lile neno linazidi kuwa kubwa kuliko kinywa chake, na bado akanyamaza.

Ikawa kila siku Jokha anakuja. Akaacha kula. Nguo zikaanza kumpwaya. Sauti ikawa inamwambia, "Mama, huku ni karibu. Njoo tu."

Hofu ikamshinda Zayd. Akakichukua tena kizibo kwa mteja, akaenda kwa maalimu wa Buyenzi. Maalimu akamsikiliza, akatikisa kichwa.

"Ziba kwa bismillahi. Lakini mama yule ajue kwanza ulichomfanyia. Kilichoingia kwa dhuluma hakitoki kwa siri."

Alasiri hiyo akapiga magoti mbele ya shangazi yake, kizibo mkononi.

"Shangazi, nisamehe. Sauti ya Alya niliiharibu mimi, nikakuficha. Huyu si Alya. Niache nizibe, huyu atakuua."

Jokha hakushtuka. "We Zayd. Mi ndiye nilimuzaa. Unafikiri sijui?"

"Unajua?"

"Alya hakukaa na mi hata dakika mbili bila kuniuliza kama nimekula. Huyu hajaniuliza hata siku moja."

"Basi, shangazi, kwa nini..."

"Nyumbani nikiita, nani ananiitika?"

Zayd akakitazama kile kizibo. Yeye ndiye aliyemnyang'anya kile kidogo alichobakiwa nacho, sasa angemnyang'anya na hiki kwa uso gani? Jokha akakichukua kizibo kutoka vidoleni mwake, taratibu, akakisunda ndani ya nguo yake kifuani. Halafu akasogeza kiti karibu na mdomo wa mkanda.

"Sema, mwanangu. Nimekuja."

Harufu ya udi ikajaa chumbani. Spika ikavuta pumzi, safari hii ndefu, pumzi ya mtu aliyeshiba.

"Asante, kaka Zayd," ikasema.