Nafasi ya Mpiga Gitaa

Jua lilikuwa linazama mama aliponituma nimpelekee kaka chakula kwenye chumba cha mazoezi cha bendi yake. Mama haoni. Niliacha shule ili nimtunze. Kutwa huniita, nami huitika, "Abee, mama," ndipo roho yake itulie. Husema sauti yangu ndiyo macho yake.

Chumba kilinuka waya ulioungua. Kaka ndiye mwimbaji. Walikuwepo pia mpiga ngoma na mpiga besi tunayemwita Kobe. Gitaa la mwenzao aliyefariki liliegemea spika, bado limechomekwa.

Bendi yao ni ya roki, lakini ule wimbo ulikuwa bluzi nyepesi tu. Besi ilitembea polepole kama mtu anayepanda ngazi gizani, ngoma ikiifuata nyuma. Kaka aliimba mstari, akaurudia. Kisha wote wakanyamaza. Hapo ndipo gitaa la marehemu lilipokuwa likijibu. Tangu azikwe hawakupajaza. Walihesabu kwa vidole, wameinamisha vichwa, wakaendelea.

Sauti ya kaka ilikwaruza kama mlango mbovu. Kila wiki ilizidi kufifia.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, "tukinyamaza, jibu wewe."

"Mwache mtoto wa watu," Kobe alisema bila kuniangalia.

"Mtoto wa watu ni dada yangu. Wewe shika nyuzi zako."

Nilifurahi. Kaka hakuwahi kunikaribisha kuimba.

Besi ikapanda ngazi. Kaka akaimba, akarudia. Kimya...

Nikajibu.

Sauti ilinitoka tamu, hata mimi nikashangaa. Nikafunga mdomo.

Haikukoma.

Ilikuwa inatoka kwenye spika. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Nyuzi za lile gitaa zilitetemeka, na hakuna aliyezigusa. Nikajaribu kumwita kaka. Ikatoka pumzi tupu.

"Ahsante, mdogo wangu," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa nzima, safi, kama ya zamani.

Kobe alikuwa analia. Lakini hakuacha kupiga.

Siku hizi wimbo huo unapigwa redioni. Mama akiita, namshika mkono. Anaupapasa wangu, kisha anausukuma. "Wewe nani? Niitie binti yangu."

Halafu wimbo unafika pale penye kimya, na sauti yangu inajibu. Mama anatabasamu, anavuta kiti karibu na redio.

Jana aliita tena, "Mwanangu, uko wapi?"

"Abee, mama," redio ikaitika.

Nilikuwa nimeizima.