Jembe la Mzee Kanyamibwa

Mchana ule mvua ilinyesha Masisi kama kawaida yake. Emérita, jirani yetu, alikuwa kituo cha afya, amekaa kando ya kuvezi, lile sanduku la joto alimolazwa bintiye Shekinah, aliyezaliwa kabla ya mwezi wake. Umeme wa kituo ulitoka kwenye barazhi ndogo ya mtoni, bwawa la kuzalishia umeme. Tanuri la kuyeyusha vyuma chakavu, kule chini barabara ya Mweso, lilikula umeme huohuo, na kila lilipouma chuma, taa za kituo zilitetemeka. Watu walishazoea. Mtu huzoea hata maneno ya wifi.

Lakini siku hiyo hazikutetemeka ovyo. Zilififia taratibu, zikawaka ghafla. Zikafifia taratibu, zikawaka ghafla. Emérita amelima tangu utoto. Mikono yake iliutambua mwendo huo kabla ya akili. Mtu anainua jembe, anapiga.

Kuvezi ikaanza kulia. Nesi, Mama Joséphine-Marie, akasema tanuri likila sana mashine huzimika, na ikizimika mtoto huyu hafiki jioni.

Hakorimana, mume wa Emérita, aliyesimama mlangoni, akaziangalia taa, akainamisha macho. Emérita akamuuliza ni chuma gani aliwauzia watu wa tanuri asubuhi.

"Njo ile jembe ya Papa," akanong'ona. "Ya pale ku kaburi."

Emérita akamsukuma mlangoni akalirudishe. Kwao jembe la marehemu huachwa juu ya kaburi lake, lioze hapo. Anayeliondoa amemwambia marehemu kwamba bado ana kazi.

Hakorimana alikimbia na mvua ile kulifuata. Alikuta limeshayeyuka. Akawapigia magoti wazime tanuri, nao wakazima, maana mtoto ni mtoto.

Taa hazikutulia.

Zilififia. Zikawaka. Sasa na sauti ilisikika nyuma ya ukuta. Udongo mbichi unapigwa. Kuvezi ikazimika. Emérita akamtoa mtoto, akamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi.

"Papa Kanyamibwa," akanong'ona, "huyu iko mujukuu yako. Usimuchimbie."

Kimya. Taa zikatulia. Mtoto akavuta pumzi, na Emérita akalia kwa furaha.

Hakorimana aliporudi walizunguka nje pamoja. Hapakuwa na nyayo. Chini ya dirisha palikuwa na shimo dogo, kingo zake zimekatwa vizuri kwa jembe, urefu wake sawa na mtoto mchanga. Kando yake lililazwa jembe la mzee, mpini wake uleule, chuma bado cha moto.

Jembe walilirudisha kaburini, shimo wakalifukia. Tanuri lilishafungwa. Shekinah sasa anatembea, anacheka na kila mtu. Lakini siku moja moja taa za nyumbani kwao hucheza, polepole, kisha ghafla. Kukicha Emérita hutoka peke yake nyuma ya nyumba, kufukia shimo chini ya dirisha la mtoto.

Kila mara analikuta limerefuka kidogo, kama Shekinah alivyorefuka.