Sifuri ya Mlekwa

Kipimamaandishi hakikuwauliza watu maana ya maneno wala kuwachagulisha majibu. Kilimpa mtahiniwa kazi ya kweli ya kuandika, kikaunda ndani yake msomaji-kivuli, yaani mtu wa kubuni mwenye shughuli na hofu zake, kisha kikapima huyo msomaji ameelewa nini. Dodoma nzima ilijivunia mashine hiyo. Aliyeibuni, Mhandisi Nyamizi Lugusha, alijivuna kuliko wote, na hakuna aliyemlaumu.

Asubuhi hiyo kilimpa sifuri Mlekwa Chidosa, aliyeomba kazi ya ukarani wa salamu, yaani kuwaandikia wachimbaji walioko Mwezini kwa niaba ya familia zao. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Alitakiwa kumwarifu Yohana, dereva wa mtambo wa kuchimba, kwamba mama yake amefariki. Mlekwa aliandika: "Yohana mdogo wangu, mama anaumwa, anataka kukuona. Omba ruhusa, panda chombo cha kwanza. Tupo naye."

Mashine ikatoa hukumu: msomaji ameelewa kwamba mama yu hai, habari si sahihi.

Mlekwa akakata rufaa, na rufaa zilisikilizwa na Nyamizi mwenyewe. Alimweleza kwa upole kwamba mtihani unapima kama habari imefika, akamruhusu kuandika upya.

"Sirudii, mama," Mlekwa alisema. "Kijana yuko peke yake kwenye usukani, na kule hakuna shangazi wa kumshika. Nimwambie hapo hapo?"

"Lakini umeandika uongo, Bwana Mlekwa."

"Nimemwita nyumbani. Mengine ataambiwa akishafika, amekalishwa chini, watu wamemzunguka. Kama huko ni kutojua kuandika, iache hiyo sifuri. Nitaondoka nayo."

Akaondoka kweli, bila hata kufunga mlango.

Nyamizi alikasirika. Mtu mzima na ukaidi wote huo! Akanyoosha kidole athibitishe matokeo, akakirudisha. Alikumbuka alipokuwa masomoni ng'ambo, baba yake mdogo alipompigia simu kwamba homa ya baba imezidi, aje. Njiani alimnunulia baba sweta. Alipoona turubai la msiba limefungwa uani alielewa, lakini shangazi zake walishamdaka na kumkalisha chini. Miaka yote hiyo hakuwahi kusema kwamba alidanganywa.

Aliona aibu, aibu ya kweli. Akawafikiria makarani wote waliofaulu kwa mashine yake, na watu waliosoma salamu zao wakiwa peke yao gizani kule juu.

Akaketi kwenye kiti cha mtahiniwa, akaomba kazi ile ile, akaandika: "Yohana mwanangu, mama anaumwa. Njoo." Kipimamaandishi kikampa sifuri. Akaituma kwa bodi ya mitihani kwa jina lake kamili, kisha akaifungia mashine isipime tena waombaji.

Mwenyekiti wa bodi alipiga simu papo hapo. Alimsihi aifute kabla watu hawajaiona, akamkumbusha kwamba mashine ni yake mwenyewe.

"Ndiyo maana nina haki ya kuifungia," Nyamizi alijibu. "Sifuri yangu haifutwi, na nafasi ya Mlekwa haipewi mtu. Nanyi njooni, mzee, mmoja mmoja, mketi kwenye kiti hiki. Ila msimwandikie Yohana. Waandikieni watoto wenu habari hiyo hiyo."