Nani Kalivua Paa la Mama Mektrida?

Nyumba ya Mama Mektrida ilikutwa uchi Alhamisi asubuhi, mbele ya watu wazima na watoto wa shule.

Paa halikuwepo. Vile vigae vyekundu, ambavyo mwenyewe alidai marubani walivitumia kuujua mji wa Moshi, vilikuwa vimekwenda vyote. Madirisha ya alumini yamekwenda. Geti la chuma lenye simba wawili limekwenda. Zilibaki nguzo mbili zikitazamana kama wakwe waliogombana.

Inspekta Wenseslaus alisimama barabarani, akavua kofia, akaiweka kifuani. Alikwishapeleleza wizi wa kuku, wa pikipiki, wa kengele ya kanisa, na mara moja wa mgomba uliohamishwa na mkungu wake ukiwa juu. Lakini paa la nyumba nzima? Hilo lilikuwa geni hata kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini, Inspekta? Nyumba yangu inaanikwa juani kama mahindi!"

Mama Mektrida alikuwa mjane, mnene wa mwili na wa sauti. Aliijenga nyumba ile kwa biashara ya ndizi, na mtaani kwao Njoro hapakuwa na mtu ambaye hakuelezwa hivyo.

"Uliondoka lini?"

"Jana alfajiri, mimi na binti yangu Rachel. Tulikwenda Mkuu, kule Rombo, mjukuu wa dada yangu kapata kipaimara. Tulikuwa turudi jioni, gari likazimika Himo. Tumelala humo humo kama magunia."

"Nyumbani alibaki nani?"

"Madamu."

"Madamu nani?"

"Ng'ombe."

Inspekta akaingia ndani na msaidizi wake, Koplo Grace. Mbingu ilikuwa bluu juu ya sebule. Lakini makochi yalikuwa yamefunikwa turubai, pembe zimechomekwa vizuri, kama mtoto aliyelazwa na mama yake. Televisheni ilikuwepo. Friji ilikuwepo. Hata vikombe vya kabatini havikuguswa.

"Afande," Grace akasema, "mwizi gani anabeba paa anaacha televisheni?"

"Mwizi mwenye adabu. Ndio wabaya hao."

Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa amepiga magoti chini ya tundu la dirisha, anatikisa kichwa. "Afande, alama ni nyingi mno, zimepandana. Hapa sijui kama kulikuwa na wizi au harusi."

Wakazunguka nyuma, bandani. Madamu alikuwa ng'ombe mweusi mwenye macho ya hakimu. Alikuwa anatafuna mgomba uliokatwakatwa vipande vidogo vidogo, na kiwele chake kimelegea. Jikoni Inspekta akakuta sufuria ya maziwa. Yamechemshwa. Yamefunikwa sahani. Juu ya sahani kuna jiwe, paka asifunue.

"Mama, umemkamua ng'ombe leo?"

"Nimkamue kwa mikono ipi? Mikono yote iko kichwani!"

Wenseslaus alizaliwa Rombo. Alijua ng'ombe aliyejaa maziwa akilia jioni, majirani hawamezi chakula. Kila mtu anamtazama mwenzake mpaka mmoja ainuke. Akachukua kijiko, akaonja maziwa. Akaonja tena, kwa ajili ya upelelezi.

Hapo akapita kijana mwenye shati jeupe na utepe wa kupimia mkononi. Alikuwa Isack, mthamini wa majengo. Wiki iliyopita aliwaambia watu wa mtaa, mkutanoni, jinsi atakavyopanga kiwango cha thamani kwa ajili ya kodi ya majengo: atachagua nyumba moja iliyo bora kuliko zote, iwe nyumba ya mfano, na daraja la mtaa mzima litafuata hiyo.

Isack akaitazama nyumba ya Mama Mektrida, juu na chini.

"Pole, mama. Kwa hali hii naihesabu jengo ambalo halijakamilika. Nitatafuta ya mfano nyingine."

"Halijakamilika? Nyumba iliyobarikiwa na paroko?"

"Paroko hakubariki paa, mama. Halipo."

Akaenda zake. Mama Mektrida akamgeukia Inspekta, uso umeiva.

"Mwizi namjua. Ni Shedrack!"

Shedrack alikuwa fundi paa. Ndiye aliyeezeka vigae vile, na huko juu ya ngazi ndiko alikompendea Rachel. Mama hakutaka kusikia habari za fundi. Wiki iliyopita alimfokea hadharani asikanyage kwake wala kwenye sherehe ya Mkuu.

Mkuu wa kituo cha polisi alitaka mtu ndani kabla ya chakula cha mchana. Saa sita Shedrack alikuwa kwenye benchi la kituo, miguu mirefu imekunjwa kama panzi.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Marangu, kwa shangazi. Napunguza migomba."

"Nani alikuona?"

"Migomba."

"Na shangazi?"

"Aliniona, afande. Lakini yeye ataapa hata kwamba nilikuwa mbinguni."

"Ungelivua paa lile, ungelivuaje?"

Shedrack akakunja uso kama aliyetukanwa. "Nivue kazi yangu mwenyewe? Afande, mpishi anatemea chungu chake?"

Inspekta akaandika maelezo yake. Kijana hakutoka jasho. Lakini pale nyumbani hapakukutwa hata kipande cha kigae kilichovunjika, na fundi wa kuvivua hivyo alikuwa huyo huyo. Akampeleka mahabusu, roho haijatulia.

Mlangoni akamkuta Rachel.

"Shikamoo, Inspekta. Nisikilize tafadhali. Kesho kutwa, Jumamosi, wazee wa Shedrack wanaleta mbege kunichumbia. Mama alikuwa ameshaanza kulainika kidogo, sasa ameapa kwamba mbege ya mwizi haivuki mlango wake."

"Si iahirishwe?"

"Iahirishwe vipi? Kesho asubuhi inatiwa ulezi. Ikishatiwa ulezi, Jumamosi ni tamu, Jumapili ni kali, Jumatatu unaoshea baiskeli. Na mama akikataa mara hii, wale wazee hawapandi tena mlima wa aibu kuja kwetu. Mimi nimekwisha."

Inspekta akajikuna kisogo. Alishawahi kukimbizana na muda, na mvua, hata na mbwa. Kukimbizana na pombe ya ndizi inayochacha ilikuwa mara ya kwanza.

Ijumaa asubuhi akapita nyumba kwa nyumba. Alianza na Fabian, mwenye duka la pembeni.

"Mama Mektrida aliwaalika Mkuu?"

"Alialika mtaa mzima."

"Ulikwenda?"

"Tumbo lilikuwa linaniuma."

Akaenda kwa Monica, mwalimu wa kwaya, mama mdogo wa umbo mwenye sauti ya tarumbeta.

"Ulikwenda kipaimara?"

"Jino, Inspekta."

Akaenda kwa Mzee Efraimu, mwenyekiti wa mtaa, aliyevaa koti la suti hata akipalilia bustani.

"Shikamoo, mzee. Na wewe kule Mkuu hukwenda?"

"Marahaba. Mgongo, baba. Mgongo."

Inspekta akatoka akicheka peke yake. Grace akamuuliza anacheka nini.

"Grace, kule Mkuu kuna ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Kuna mbege, kuna machalari ya ndizi na nyama. Mtaa mzima umealikwa, na mtaa mzima umeugua siku moja. Umewahi kumwona Mchaga akiikimbia ndafu kwa sababu ya jino?"

"Sijawahi. Angemeza bila kutafuna."

"Basi wote walikuwa hapa. Nani alifanya nini ndiyo bado. Lakini shahidi tunaye."

Mchana akaitisha gwaride la utambulisho. Watu wakajipanga nyuma ya nyumba ya Mama Mektrida wakidhani ataletwa binadamu wa kuwanyooshea kidole. Akatolewa Madamu.

"Inspekta," Mzee Efraimu akasema, "sheria inaruhusu ng'ombe?"

"Sheria inataka shahidi aliyekuwepo. Huyu alikuwepo. Kila mmoja atachukua ndoo, atamkamua."

Fabian akaanza. Alipogusa tu, Madamu akapiga teke. Ndoo ikaruka ukuta, ikavuka barabara, na wanaoapa wanasema ilikutwa uwanjani kwa Walutheri, imesimama wima. Fabian naye akakutwa chini ya mpapai.

Mzee Efraimu akasogea, amefunga vifungo vyote vya koti. Madamu akageuza shingo, akamtazama kwa muda, kisha akampigia chafya. Koti lote likawa la kijani.

"Huyo hakumkamua," Inspekta akasema. "Anayefuata."

Monica akaja polepole, macho chini. Kabla hajaishika ndoo, Madamu akarudisha mguu wa nyuma mwenyewe, akainamisha kichwa, akaanza kumlamba mkono. Maziwa yakaanza kudondoka bila kuguswa.

Watu wote wakageuka kumtazama Monica.

"Mwalimu," Inspekta akasema taratibu, "Jumatano jioni ulikuwa hapa?"

"Mimi... jino..."

"Nakuonya kwamba si lazima useme lolote, na utakalosema litaandikwa. Ulimkamua huyu ng'ombe?"

Monica akaitupa ndoo chini.

"Sasa ningefanyaje? Mwenyewe hajarudi! Giza linaingia, ng'ombe analia, maziwa yamejaa mpaka anatembea kama bibi harusi! Wenzangu wananiambia muache, tutagundulika. Nimuache? Mimi ni mtu au jiwe?"

"Na mgomba nani alikata?"

"Ni mimi. Kukamua bila kulisha ni uuaji."

"Na maziwa kuchemsha?"

"Yangeharibika!"

"Monica, nyamaza!" Fabian akaita kutoka chini ya mpapai.

"Sinyamazi! Kijana wa watu yuko ndani!"

Mzee Efraimu akatoa leso, akafuta koti, akakohoa.

"Inspekta, andika. Mimi ndiye kiongozi wao."

Mama Mektrida alikuwa amekaa kwenye kigoda. Kigoda kikalia alivyosimama. "Efraimu! Wewe? Uliyesimama na marehemu mume wangu kwenye ndoa yetu?"

"Mimi, shemeji. Mthamini alisema nyumba moja itatupangia kiwango sisi sote. Watu wakageuka kuitazama yako. Na wewe ukainua mabega, ukatabasamu! Huku Fabian ana vyumba viwili na paa la debe. Monica anaishi na kwaya nzima ya popo. Tulipishwe kodi kwa simba wako wa getini? Tukasema tukuvue siku chache, mthamini apite, tukuvishe tena kabla hujaacha kulia."

"Vigae viko wapi?" Inspekta akauliza.

"Chini ya vitanda vya mtaa mzima. Mke wangu amelala juu ya vigae, ananinunia mpaka leo. Geti liko kwa Fabian, kalificha kwa magunia ya maharage."

"Na madirisha?"

"Stoo ya kwaya," Monica akasema. "Tumeyapangusa."

"Mliwezaje kuvua bila kuvunja hata kimoja?"

"Shedrack alipoezeka, tulikaa hapa siku zote tukimtazama na kumkosoa. Mtu akikosoa sana mwisho anajifunza."

Mama Mektrida akavuta pumzi, na waliokuwa karibu wanasema majani ya mpapai yaliinama upande wake. "Inspekta, wafunge! Wote! Funga na mke wa Efraimu juu ya vigae vyake!"

Inspekta akafungua kinywa kumweleza ukubwa wa mahabusu ya kituo, ila akatokea Isack mthamini, anahema, amebeba jalada kwapani.

"Mzee Efraimu, nimekutafuta kote. Hongera. Nyumba yako ndiyo ya mfano. Ndiyo bora kuliko zote mtaani."

Uso wa Mzee Efraimu ukaporomoka. Halafu, polepole, ukaanza kupanda tena.

"Kuliko zote?"

"Zote."

"Na hilo litatangazwa?"

"Litabandikwa ubaoni ofisini."

Mzee akalivuta koti lake la kijani, akasimama sawasawa.

"Mzee, kataa!" Fabian akalia. "Kataa, tutalipa sote!"

"Fabian, mwanangu. Heshima mtu haikatai."

"Ipi?" Mama Mektrida akapaza sauti. "Kile kibanda? Kinachotazama barabara kwa kisogo kama kimenuna? Ndicho cha kwanza, mimi wa pili? Isack! Futa! Andika mimi!"

"Mama, kiwango chako kitapanda."

"Kipande! Kipande mpaka kilele cha Kibo! Mimi nimewahi kukimbia kodi?"

"Nitarudi jioni kufunga kazi," Isack akasema. "Nikikuta paa, naliandika. Nisipolikuta, ya Mzee Efraimu inabaki."

Mama Mektrida akawageukia majirani. "Mlioling'oa, lirudisheni!"

Wakatazamana. Monica akanong'ona, "Mama, kukosoa kunafundisha kuvua. Hakufundishi kuezeka."

Inspekta Wenseslaus alikuwa akijipepea kwa kofia. Siku nyingi hakuwa amefurahi vile kazini.

"Anayeweza kumaliza kabla ya jioni ni mmoja tu, mama. Bahati mbaya yuko ndani. Kwa malalamiko yako."

"Nayaondoa!"

"Na hawa je?"

"Nawaondoa na hawa! Wabebe vigae! Inspekta, unangoja nini? Mfungueni mkwe wangu!"

Rachel akapiga kigelegele kilichomkimbiza Madamu mpaka bandani.

Shedrack akaletwa na gari la polisi, king'ora kinalia, akapanda ngazi bila hata kunywa maji. Mtaa ukatoa vigae chini ya vitanda, ukapanga mstari, ukapokezana. Inspekta akavua koti la sare akaingia kwenye mstari. Mzee Efraimu akabeba pia, ingawa alibeba kimoja kimoja na kwa kusitasita.

"Mzee, shikamoo!" Shedrack akaita juu. "Kaza mwendo kidogo, nyumba yako bado ni ya kwanza!"

"Marahaba, na ibaki hivyo!"

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya mlima Meru, Isack akaonekana kwenye kona. Paa lilikuwa limejaa, jekundu, isipokuwa tundu moja katikati. Shedrack akakaa kando ya tundu lile, kigae cha mwisho kiko magotini, wala hakifungi.

"Weka!" Mama Mektrida akapiga kelele. "Huyo anakuja! Weka, baba!"

"Naweka, mama. Ila kuna jambo dogo. Kesho wazee wangu wana mbege, na sijui waifikishe saa ngapi."

Mama Mektrida akamtazama Isack aliyekuwa akikaribia. Akamtazama Mzee Efraimu aliyekuwa akitabasamu. Akamtazama Rachel.

"Kesho ya nini?" akanguruma. "Waambie wailete leo hii, ikiwa bado changa! Na wewe funga hilo tundu, wageni wasije wakalowa!"