Utando Kwenye Pini za Shangazi

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare za shule, nilikuwa na vita na shangazi. Yeye ni fundi cherehani, ana ulimi mkali kuliko mkasi wake, na alihamia kwetu baada ya kuvunjika mguu. Alitiwa pini nne za chuma zilizopita kwenye ngozi hadi mfupani, zikashikwa kwa nje na fremu. Mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja, lakini mama hutoka alfajiri kwenda kazini, basi kazi ya kusafisha pini ikaniangukia mimi.

Muuguzi alinionyesha vizuri. Nawa mikono kwa sabuni, chovya shashi kwenye maji ya chumvi yaliyochemshwa, sugua pini pale inapoingia kwenye ngozi mpaka ute wote utoke. Kila pini na shashi yake.

"Unaniua, we mtoto!" shangazi alipiga kelele siku ya tatu. "Mwaga maji tu, kisha nitokee hapa!"

Haya! Nikamwaga tu, tena kwa furaha. Jioni mama akiuliza, sote wawili tunajibu kwamba pini zimesuguliwa.

Baada ya wiki mbili mguu ulivimba, ukatoa usaha na kunuka. Shangazi alitetemeka kwa homa. Akameza vidonge vya zahanati. Homa ikashuka, ikarudi. Mama akatupeleka hospitali.

"Pini zinasuguliwa kila siku?" daktari aliuliza, uso ameukunja.

"Huyu ananichukia!" shangazi akafoka. "Mikono yake michafu!"

"Nanawa!" nikafoka na mimi. "Na kusugua nasugua!"

Daktari alishusha pumzi. "Kama zinasuguliwa na dawa haijasaidia, basi huenda vijidudu vimeingia mfupani. Itabidi tuupasue mguu leo."

Shangazi akaukumbatia mguu wake. Sijawahi kumwona akiogopa! Nilimchukia, ndiyo, lakini si kiasi cha kumwacha apasuliwe kwa uongo wangu.

"Sisugui," nikasema. "Namwaga maji tu."

"Mimi ndiye niliyemwambia," shangazi akasema, bila kunitazama.

Mama alitukodolea macho kwa hasira. Daktari alipitisha shashi kwenye pini moja, akatuonyesha ute wa manjano.

"Huu ni utando," alisema. "Vijidudu vinashika chuma, vinajifunika kwa ute huu na kuzaliana chini yake. Maji yanapita juu tu. Vidonge vinaua vya nje, vya ndani vinabaki, ndiyo maana homa inarudi."

Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa haujaingiliwa. Daktari alibadilisha pini moja iliyolegea, akatoa dawa nyingine, akaturudisha nyumbani na shashi tele.

Kesho yake shangazi alinitukana kabla sijamgusa. Kisha akashika kiti kwa mikono miwili. "Sugua. Nikipiga kelele, usinisikilize."

Alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Nikasugua.

Wiki tatu baadaye usaha ulikuwa umekauka na homa imekwisha. Daktari aliukagua mguu, kisha akatutazama sisi wawili bila hata tabasamu.

"Siku ile mngeendelea kunidanganya, ningeupasua mguu huu bure," alisema. "Usafi wa maneno matupu hauponyi mtu."

Kwa mara ya kwanza, mimi na shangazi tuliinamisha vichwa pamoja.