Kinu cha dongodongo cha Nasiba

Kila siku ya soko Nasiba anaamka, anaswali, halafu anapanga paketi zake za unga wa dongodongo, ile bamia ya kuteleza. Inatoka Beni kwenye joto, imekaushwa tayari, maana hapa Butembo ukungu hauiachi ikauke. Kijiko kimoja tu, na supu inakuwa nzito, inavutika kama uzi.

Asubuhi moja jirani yake Kavuo aliingia bila hodi.

— Nasiba! Ulitia nini mu unga? Hadassa, mujukuu wangu, alikula jana, midomo ikavimba! Munganga wa hospitali anasema ni karanga. Na karanga inaweza kumuua!

— Mungu wangu! Sasa yuko namna gani?

— Alimupa dawa, amepona. Lakini weye unachanganya, upate paketi mingi!

— Mimi? Sikutia kitu, Kavuo!

— Mu supu niliweka nyama, chumvi na unga yako. Basi.

Nasiba akakaa chini. Kupoteza soko hakukumtia hofu sana. Alichoogopa ni kwamba karibu amuue mjukuu wa jirani, na hajui alifanya nini.

Edmond, mtaalamu wa kilimo aliyepanga chumba cha nyuma, alisikia kelele akaja.

— Bamama, mutulie kwanza. Macho haiwezi kujua unga. Tupime ADN.

— Ile ya kutafuta baba ya mutoto? Kavuo akauliza.

Hata Nasiba akacheka.

— Njo ile! Mumea pia iko na yake. Ni alama inakaa mu kila kipande. Ukikausha, ukisaga, inabakia. Kule laboratoire ya Kampala banaisoma, banajua ni mumea gani. Lakini haisemi nani aliutia.

Akachukua vitu viwili vya kupeleka Kampala: unga, na dongodongo kavu ambayo haijasagwa.

Wiki tatu Nasiba hakuuza hata paketi moja. Kisha Edmond akaleta majibu.

— Isiyosagwa: dongodongo peke yake. Unga: dongodongo, mahindi na karanga.

— Mahindi na karanga? Nasiba akashtuka. Ni uji ya batoto ile!

Akakumbuka. Kwenye mashini ya kusaga, mama aliyemtangulia alisaga unga wa uji. Muyisa, mwenye mashini, alitaka kutupa beseni ya kwanza ya dongodongo, maana ilitoka na mabaki ya uji. Nasiba alimpigia kelele: chakula hakitupwi!

— Ni mimi, akasema polepole. Muyisa alitaka kutupa, mimi nikakataa. Unisamehe, Kavuo.

Kavuo akamtazama.

— Weye na ubahili yako! Halafu akacheka. Hata mimi ningekataa.

Nasiba akanunua kinu kipya na chekeche mpya, vya dongodongo tu. Hakuna anayeviazima, hata kwa kutwanga sombe, majani ya muhogo. Unga mpya ukapimwa: dongodongo peke yake.

— Majibu ni ya unga huu, Edmond akaonya. Ule wa kesho, usafi yako njo utaulinda.

Kavuo alimwuliza munganga kwanza kama mtoto anaweza kuila tena. Aliporuhusu, Hadassa akala kwa Nasiba. Akainua kijiko, uzi wa supu ukashuka mpaka kwenye sahani, haukukatika. Wamama wawili walikuwa wanamkazia macho mdomoni.

— Koko, munaniangalia nini? Hadassa akamuuliza bibi yake.

— Naangalia kama utatuachia, Kavuo akajibu.

— Leta sahani yako, Nasiba akasema. Sufuria bado imejaa.